Msimbati au Moa

Saa nane mchana Maksi alikuwa bado hajafika, na Agnella alikuwa ameshachungulia barabara mara sita. Mara ya saba shangazi yake akamkemea.

"We Agnella, shingo itakatika. Kaa chini. Akija atakuja, asipokuja si mara ya kwanza."

Maneno yale yalimchoma, akaketi. Shangazi Leticia hakuwa amesema uongo. Mwezi wa kumi na moja mwaka uliopita, siku ya posa, nyumba hii hii ya Mlabani ilifagiliwa tangu alfajiri. Viti viliazimwa jumuiya, wazee wakavaa mashati ya Pasaka, wali ukapikwa masufuria mawili na majogoo watatu wakachinjwa. Agnella alijifungia chumbani amevaa kitenge kipya, akisubiri kuitwa sebuleni aulizwe kama anawafahamu wageni. Wageni hawakuja. Saa kumi wazee wakaanza kukohoa. Saa kumi na mbili wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwamba magari siku hizi yanaharibika sana. Wali ule ulilika siku tatu, na majirani waliogawiwa walishukuru kwa sauti ya chini utadhani wapo msibani.

Maximilian, Maksi mwenyewe, alitokea baada ya wiki tatu, amekonda. Alisema mama yake kule Mahenge alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataoa msichana mwenye chuma mguuni. Atabeba nini huyo? Atalima nini? Asubuhi ya posa mama alikwenda stendi, akaketi kwenye ngazi za basi na kumwambia mwanawe kama anataka kuondoka apite juu yake. Maksi hakupita. Agnella alilia, akanuna mwezi mzima, halafu akamsamehe, maana mapenzi nayo yana ujinga wake. Mzee Ildefonce, baba yake, hakusamehe wala hakusema kwamba hajasamehe. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kelele.

Chuma chenyewe kilikuwa kweli. Miaka miwili nyuma bodaboda ilimtupa Agnella mtaroni, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili, ukaungwa kwa chuma, akalala wodini miezi minne. Ndiko alikokutana na Maksi. Alikuwa akija kumjulia hali mjomba wake aliyelazwa wodi ya jirani. Mjomba akapona akaruhusiwa, Maksi akaendelea kuja. Na ndiko Agnella alikoweka nadhiri: mguu huu ukikanyaga tena, ataitembea pwani yote ya nchi hii, toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa nini pwani, hata mwenyewe hakujua sawasawa. Hakuwahi kuiona bahari. Ukutani mbele ya kitanda kulitundikwa kalenda yenye picha ya ufukwe, na kwa miezi minne hiyo ndiyo njia pekee iliyokuwa mbele ya macho yake.

Majirani walipoisikia safari hiyo walimuuliza kama amekosa nauli. Lakini Mzee Ildefonce alikuwa Mkatoliki wa kweli, na nadhiri kwake haikuwa jambo la mzaha. Alikubali, hata Maksi alipoomba kumsindikiza, kwa sharti moja: Shangazi Leticia aende nao. Shangazi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye kila msimu alikwenda na kurudi shambani kwa miguu tangu akiwa msichana, alisema kama ni kutembea tu, hata kesho.

Kengele ya baiskeli ililia nje. Agnella akajifanya anatafuta kitu chini ya cherehani.

"Hodi hapa," sauti ya Maksi ilisema.

"Karibu," alijibu Shangazi kwa uvivu.

Maksi aliingia uani na ramani imekunjwa kwapani. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ildefonce, aliyekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee alichonga mara mbili, tatu. "Marahaba," aliuambia mpini. "Ila mimi bado si baba yako."

"Samahani, mzee."

Agnella alitandika mkeka barazani, na Maksi akaifungua ramani. Alikuwa fundi sanifu wa upimaji ardhi, mtu wa rula na penseli zilizochongwa vizuri. Pwani yote alikuwa ameichora upya kwa mkono wake, toka Moa karibu na mpaka wa Kenya mpaka Msimbati kule mwisho wa Mtwara, na vijiji akaviweka vinukta vyekundu. Agnella alipoiona alisahau kwamba alikuwa na hasira ya kucheleweshwa. Alimtazama kwa macho yaliyosema yote ambayo mdomo haukuruhusiwa kuyasema mbele ya shangazi. Siku nyingine Maksi angeyarudisha macho yale. Leo aliinamia ramani.

"Tunaanzia Moa," alisema.

"Tulisema Msimbati."

"Tulisema tutaona. Mimi nimeshaona. Nella, nisikilize. Mwezi wa saba jua linakaa upande wa kaskazini. Tukishuka toka Moa linatupiga mgongoni. Tukipanda toka Msimbati litakuwa usoni miezi miwili mizima."

"Nina kofia. Na mwezi wa saba huo huo upepo unatoka kusini. Tukianzia Msimbati unatusukuma. Yule mtaalamu wa mazoezi aliniambia mguu wangu usibishane na upepo."

"Upepo si kitu."

"Kwako. Wewe una miguu miwili uliyozaliwa nayo."

Shangazi Leticia alicheka puani. Maksi hakucheka. Alichukua penseli akaizungushia Moa duara, kisha akazungusha tena juu ya duara lile lile.

"Halafu kusini makazi yametengana sana," Agnella aliendelea. "Nataka nipamalize nikiwa bado na hamu. Huku Bagamoyo na Tanga hata nikichoka nitafika, watu ni wengi."

"Kwa hiyo unataka uanze na kugumu."

"Ndiyo."

"Mimi nakwambia tuanze na kwepesi, mguu uzoee."

"Huu mguu ni wangu, Maksi. Nadhiri ni yangu."

Alinyoosha mkono kumwonyesha Kilwa, na Maksi naye alikuwa amenyoosha wake. Vidole vyao vikagusana juu ya karatasi. Hakuna aliyeondoa. Agnella alihisi joto likimpanda hadi shingoni, akatamani baraza lingekuwa tupu, akatamani dunia yote ingehamia mashambani kuvuna iwaachie dakika tano tu. Shangazi akakohoa. Mikono ikaachana.

Lakini hata katika kugusana kule kulikuwa na jambo. Kidole cha Maksi kilikuwa baridi, kwenye joto lile la Ifakara. Agnella alimchunguza vizuri. Huyu ndiye mwanamume aliyekuwa akikubali kila kitu. Akiambiwa soda, soda. Akiambiwa waende misa ya kwanza, anaamka saa kumi na moja. Leo amekuwa mgumu kama jiwe la mpaka, na jambo lenyewe ni mahali pa kuanzia tu.

"Maksi, kuna nini Moa?"

"Hakuna kitu. Jua, nimekwambia."

"Niangalie unijibu."

Alimwangalia, kisha macho yakateleza.

Hapo Mzee Ildefonce aliweka mpini chini. Hakuwa mtu wa kuingilia mazungumzo ya vijana, na hilo ndilo lililomfanya Agnella aogope alipomwona anapangusa mikono.

"Nimewasikiliza," mzee alisema. "Mnagombana mtaanzia wapi. Mimi swali langu ni lingine. Wewe kijana, utaishia wapi?"

"Msimbati, mzee. Ndiyo mwisho wa..."

"Sikuuliza ramani inaishia wapi. Nimekuuliza wewe."

Maksi aliiweka penseli chini.

"Miaka ishirini na sita," mzee aliendelea, "nilikuwa nafunga mnyororo wa pantoni pale Kivukoni, mpaka daraja lilipokamilika. Watu nimewaona. Mwenye safari yake akishapanda anatazama ng'ambo. Lakini kuna mwingine anapanda, anasimama hapo hapo kwenye mnyororo, mkono kwenye begi, na anakwambia maneno mengi ambayo hukumuuliza. Huyo kabla hatujaondoka anashuka. Umeingia hapa unanieleza jua, unaeleza kwepesi na kugumu. Umesimama kwenye mnyororo, kijana. Utaishia wapi?"

Kuku mmoja alipita juu ya kona ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

"Pangani," Maksi alisema.

Agnella alidhani amesikia vibaya. "Nini?"

"Mimi nitaishia Pangani, Nella."

"Pangani." Alikitafuta kinukta chekundu kwenye ramani, akakipata. Kilikuwa juu kabisa, chini kidogo ya Tanga. Chini yake pwani iliendelea ndefu, ndefu, mpaka ukingo wa karatasi.

"Nimepata kazi Tanga," Maksi alisema haraka haraka, kama mtu anayetapika. "Kampuni ya upimaji. Mkataba wa miaka mitatu. Naripoti tarehe ishirini mwezi wa saba. Nilihesabu siku, tukianzia Moa nitakuwa na wewe siku kumi na tisa. Tungepita Tanga, tungefika Pangani, halafu mimi ningerudi kuripoti."

"Na mimi?"

"Wewe na Shangazi mngeendelea. Ningekuwa nawapigia simu kila siku."

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Njiani."

"Njiani wapi?"

"Tukishafika Tanga."

Agnella alicheka, na kicheko kile kilimuumiza mwenyewe kifuani. "Kwa hiyo hukuwa unanisindikiza kwenye nadhiri yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakusindikiza kazini kwako."

"Nella, si hivyo. Kazi hii ni kwa ajili yetu. Nikiwa Tanga siko Mahenge. Mama hatakuwa na la kunifanya. Nitapanga nyumba, nitajipanga, nitakuja hapa kwa mzee kiume."

"Nani amekukataza kazi? Ungeniambia jana ningekwambia nenda. Ungeniambia mwezi uliopita ningekushonea mashati ya kuripotia, mikono mirefu, mikono mifupi, yote! Tatizo si Tanga."

"Niliogopa."

"Ndiyo. Uliogopa." Agnella aliisukuma ramani kando. "Siku ya posa pia uliogopa. Ulikuwa na simu mfukoni, Maksi. Neno moja tu, siji. Baba yangu angewalisha wazee wakaenda zao. Hukupiga. Uliniacha ndani ya kitenge masaa tisa mazima nikisikiliza kila gari linalopita. Nimekusamehe kwa kutokuja. Kule kunyamaza sijakusamehe. Nilidhani nimekusamehe, kumbe bado."

Maksi alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Agnella alimpenda wakati ule kupita siku zote alizowahi kumpenda, na alitamani kumpiga na hiyo ramani.

Mzee Ildefonce alisimama. "Basi. Yamekwisha. Nadhiri yako, binti yangu, utaitimiza na shangazi yako, nami nitawasindikiza mpaka Mtwara. Huyu achukue karatasi yake aende. Na asirudi tena hapa."

"Baba."

"Nimesema."

"Baba, naomba niseme na mimi."

Agnella aliinuka kutoka kwenye mkeka. Mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa, ukamwuma vibaya sana, lakini hakushika nguzo. Alijua watu watatu wanautazama mguu ule. Alisubiri mpaka ukatulia.

"Hasemi uongo kwamba ananipenda," alimwambia baba yake. "Mtu hawezi kuja wodini siku mia moja kwa uongo. Tatizo lake ni kufika. Kila mara anakuja nusu, anakutana na kitu njiani, anakaa. Mimi nikimfukuza leo nitaishi nikijiuliza. Nikimchukua hivi hivi nitaishi nikichungulia barabara. Yote mawili siyataki."

"Unataka nini?" mzee aliuliza.

Alimgeukia Maksi. "Tarehe moja mwezi wa saba mimi na Shangazi tunaanzia Msimbati, tunapanda. Tutatembea kila siku, isipokuwa Jumapili. Tarehe moja hiyo hiyo wewe anzia Moa, ushuke. Si ndiko unakokutaka? Una siku zako kumi na tisa. Tarehe ishirini karipoti kazini, hakuna anayekuzuia. Baada ya hapo una Jumamosi na Jumapili. Panda gari la kwanza, nenda mpaka pale ulipoishia, uendelee. Jumapili jioni rudi kazini. Wiki inayofuata tena. Usiruke hata kijiji kimoja."

Maksi alishusha viganja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Peke yangu?"

"Peke yako. Nani alikuwa na mimi chumbani siku ile?"

Shangazi Leticia alisema "Yesu na Maria" chini chini, akajifunga khanga upya.

"Tutakutana wapi?" Maksi aliuliza.

"Sijui. Pengine Bagamoyo. Ukivivia, pengine Saadani. Ukiwa mwanamume kweli kweli, unaweza ukanikuta hata kabla sijaingia Dar. Hiyo siwezi kuipanga mimi, utaipanga wewe kwa kutembea."

"Nitakupigia nikwambie nimefika..."

"Hapana!" Alisema kwa ukali mpaka mwenyewe akashtuka. "Simu ni ya kumwambia Shangazi uko hai, basi. Usinitajie kijiji, usinitumie picha, na mimi sitakutajia tulipo. Nimechoka kuambiwa unakuja, Maksi. Safari hii nataka nikuone kwa macho yangu unakuja."

Mzee Ildefonce alikuwa bado amesimama, mikono nyuma. Alimtazama binti yake kwa muda, halafu akamtazama kijana.

"Na mama yako akisikia?" aliuliza. "Akienda akakaa katikati ya hiyo njia huko Tanga?"

Maksi hakujibu mara moja, na Agnella alishukuru kwamba hakujibu mara moja.

"Nitapiga magoti nimsalimie, mzee," alisema hatimaye. "Nitamwambia nampenda. Halafu nitamzunguka niendelee."

"Ulishindwa kuzunguka basi."

"Nilishindwa. Nimelala na hilo basi miezi saba."

Mzee aligeuka akaokota mpini wake. "Akimkuta binti yangu, kwa miguu, atume mshenga. Nitamsikiliza. Sijasema nitakubali, nimesema nitamsikiliza." Aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja hakuufunga mlango kwa nguvu.

Maksi aliikunja ramani. Agnella alimzuia, akachukua mkasi wa cherehani, akaikata katikati, pale Dar es Salaam, kipande cha juu akampa, cha chini akabaki nacho. Mkasi ulipita kwenye vinukta vile vyekundu alivyovitia Maksi kwa saburi, na ukingo ukatoka umepinda. Shangazi Leticia, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akiwapisha, alikumbuka ghafla kwamba ana maji jikoni.

Walitoka mpaka barabarani. Bajaji zilipita na magunia ya mpunga, vumbi likawafunika wote wawili, hakuna aliyejali. Walisimama karibu, baiskeli katikati yao. Agnella alinusa jasho la Maksi na sabuni ya shati lake, harufu ile ile iliyokuwa ikimfikia wodini kabla hajaingia mlangoni. Tangu leo mpaka siku ya kukutana, isiyojulikana, hatainusa tena. Alijua, na alijua pia kwamba siku hiyo inaweza isiwepo.

"Nella, huogopi?"

"Naogopa sana. Naogopa kila kitu. Naogopa zaidi kufika Bagamoyo na kuona ufukwe mtupu."

"Ukifika Bagamoyo hujaniona, utasimama kidogo?"

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Angesimama siku moja, siku tatu, angesimama wiki, angekaa kwenye mchanga akichungulia.

"Sitasimama," alisema. "Nitapanda Saadani, nitapanda Pangani, nitaingia Tanga. Nitapita mbele ya mlango wa ofisi yenu mchana kweupe, na sitabisha hodi. Nitakwenda mpaka Moa, nitamaliza nadhiri yangu, nitapanda gari nirudi kwetu."

Maksi alitikisa kichwa polepole. Aliishika baiskeli, akaiachia, akaishika tena.

"Nikifika?"

"Ukifika utanikuta."

"Na nikichelewa?"

"Nitakuwa nimeshapita, Maksi."

Agnella akageuka kuingia uani kabla Maksi hajamwona analia. Nyuma yake alisikia mnyororo wa baiskeli ukianza kuzunguka, na hakuchungulia.